Edinburgh, Avignon au Makhanda: mchezo wenu mpeleke wapi?

Tuseme mchezo mnao. Waigizaji watatu, saa moja na dakika chache, maleba na mandhari vyote vinaenea kwenye masanduku mawili, na watu wa nyumbani wameshaucheka na kuulilia. Katika kikao cha kikundi mmoja ametaja Edinburgh. Mwingine, aliyesoma Kifaransa, ametaja Avignon. Mweka hazina kanyamaza kimya.

Huyo mweka hazina ndiye wa kumsikiliza kwanza. Matamasha makubwa ya sanaa za maonyesho hujinadi kwa ukubwa: michezo mingapi, kumbi ngapi, nchi ngapi. Ukubwa haumsaidii mtu kuchagua. Swali la kuuliza mapema, kabla hata ya kuzungumzia viza, ni hili: kiti kikibaki kitupu, hasara ni ya nani? Kila tamasha lina jibu lake, na jibu hilo halikutungwa jana. Limo katika namna tamasha lenyewe lilivyozaliwa.

Mwaka mmoja, miji miwili

Edinburgh na Avignon ni marika; yote mawili yalianza mwaka 1947, Ulaya ikiwa bado inahesabu wafu wake. Kule Uskoti, Rudolf Bing, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akiendesha opera ya Glyndebourne, alitafuta mji wa kufanyia tamasha la kuwakutanisha watu ambao miaka miwili kabla walikuwa wakiuana. Meya wa Edinburgh, John Falconer, akaupokea mpango huo. Septemba ile kondakta Bruno Walter, aliyewakimbia Wanazi, alisimama tena mbele ya okestra ya Vienna Philharmonic. Hilo ndilo tamasha rasmi, na mpaka leo lipo: okestra, opera, dansi na maigizo ya watu walioalikwa.

Lakini mwaka huohuo vikundi vinane vya maigizo visivyoalikwa navyo vilikuja, vikakodi kumbi vyenyewe, vikauza tiketi. Hakuna aliyevifukuza, wala hakuna aliyevilipa. Hapo ndipo ilipoanzia Fringe. Jumuiya ya kuiratibu iliundwa mwaka 1958 na ikashika kanuni moja ambayo haijaiacha: jumuiya haichagui nani aje. Mwenye mchezo, mwenye pesa ya kujiandikisha na mwenye ukumbi wa kumpokea, anaingia.

Avignon ilizaliwa kwa tabia nyingine. Jean Vilar, mwigizaji na mwongozaji, aliombwa alete mchezo mmoja kusindikiza maonyesho ya picha za kisasa kwenye Kasri la Mapapa. Akaleta mitatu, Septemba 1947, mmoja ukiwa wa Shakespeare ukichezwa kwenye ua wa kasri, usiku, chini ya kuta za mawe. Vilar alishikilia kwamba maigizo ni huduma ya umma, kama maji na umeme, na mwaka 1951 serikali ya Ufaransa ilimkabidhi ukumbi wake wa taifa, TNP. Kwa hiyo Avignon ilikua ikiwa na mkono wa dola mgongoni. Waliobaki nje walipata upande wao mwaka 1966, pale André Benedetto, mwandishi mwenye ukumbi wake mjini humo, Théâtre des Carmes, alipoonyesha mchezo nje ya ratiba rasmi. Upande huo leo unaitwa Off, na una michezo zaidi ya 1,500 kila Julai.

Basi tunapotaja miji miwili, kwa kweli tunataja milango minne: miwili ya mwaliko, miwili ya kujilipia. Watu wengi wanaorudi nyumbani na deni walidhani wamealikwa, kumbe walijiandikisha tu.

Milango ya mwaliko

Hii haihitaji maneno mengi kwa upande wa kuchagua, kwa sababu hamchagui nyinyi. Mkurugenzi wa tamasha huona kazi mahali fulani, huifuatilia, kisha huita. Tamasha hulipa, na mara nyingi huchangia hata gharama za kuutengeneza mchezo kabla haujakamilika. Kiti kitupu ni hasara ya tamasha.

Watu wa upande wetu wa dunia wameupita mlango wa Avignon, na inafaa kutazama waliupitaje. Faustin Linyekula, mcheza dansi na mwongozaji wa Kongo, alionyesha huko mwaka 2007. Kazi yake ameijenga kutoka Kisangani, mji wa watu wanaozungumza Kiswahili na Kilingala, kwenye kituo chake cha Studios Kabako. Dieudonné Niangouna wa Brazzaville alikuwa mmoja wa wasanii washirika wa tamasha mwaka 2013, cheo kinachompa msanii sauti katika kuipanga ratiba yenyewe. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa ameshaanzisha tamasha lake nyumbani, Mantsina sur scène. Dorothée Munyaneza, mzaliwa wa Kigali, alizindua kazi yake kuhusu wanawake waliobakwa wakati wa vita na mauaji ya kimbari, na watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji huo, huko Avignon mwaka 2017.

Hakuna kati yao aliyefika kwa kutuma fomu na kungoja. Walikuwa na kazi inayoonekana, mahali wanapofanyia, na washirika wa Ulaya waliotia pesa mapema. Kikundi kinachotaka mlango huu kitumie miaka mitano kujenga jina kwenye matamasha ya karibu, si miezi mitano kuandika barua pepe kwenda Ufaransa.

Jambo moja la kutia moyo: watazamaji wa Avignon rasmi wamezoea kusoma tafsiri zinazoonyeshwa juu ya jukwaa. Mkurugenzi wa sasa, Tiago Rodrigues, ni Mreno, mgeni wa kwanza kushika kiti hicho, na ameanza desturi ya kualika lugha moja kila mwaka: Kiingereza 2023, Kihispania 2024, Kiarabu 2025. Mchezo wa Kiswahili hapo hautakuwa kioja.

Fringe ya Edinburgh: pesa inavyotembea

Hapa ndipo vikundi vingi vya kwetu vinapotega macho, kwa hiyo tukae kidogo.

Agosti ikiingia, vyumba vya madarasa vya chuo kikuu, kumbi za kanisa, na maghala ya chini ya baa hugeuzwa kuwa kumbi za maigizo. Wenye kumbi wakubwa ni Pleasance, Assembly, Underbelly na Gilded Balloon, na hao, tofauti na jumuiya, huchagua. Traverse ni ukumbi wa kudumu wa tamthilia mpya tangu 1963 na huchagua kwa ukali zaidi. Chumba kimoja huchukua mchezo baada ya mchezo, asubuhi mpaka usiku wa manane. Mnapewa dakika chache za kuingiza mandhari na dakika chache za kuyaondoa, maana kikundi kinachofuata kimeshajipanga mlangoni. Ndiyo sababu mchezo wa saa moja, wenye kiti kimoja na kanga mbili, unafaa kuliko tamthilia ya vitendo vitatu yenye kitanda, kabati na mvua.

Mikataba ya kumbi ina sura mbili. Ama mnakodi chumba kwa bei kamili, ama mnagawana mauzo ya tiketi, kawaida asilimia 60 kwa kikundi na 40 kwa ukumbi. Mgawanyo huo unasikika mtamu mpaka uifikie ibara ya kiwango cha chini: mauzo yakishuka chini ya kiasi fulani, kikundi kinafidia. Hiyo ibara ndiyo jibu la swali letu. Kiti kitupu ni chenu.

Na viti vitupu vipo. Mwaka 2019, kabla ya Uviko kulifuta tamasha la 2020, Fringe ilikuwa na michezo 3,841 na ikatoa tiketi zaidi ya milioni 3. Gawanya. Ni kama tiketi 780 kwa mchezo mmoja. Mchezo ukionyeshwa mara 20, ni watu 39 kila mara, na huo ni wastani unaonyanyuliwa na wachekeshaji wa televisheni wanaojaza kumbi za mamia. Kikundi kisichojulikana, mchana wa Jumanne, kitacheza mbele ya watu wachache sana, na watatu kati yao watakuwa waigizaji wa kikundi kingine walioingia bure.

Juu ya hayo, ongeza malazi. Bei ya vyumba Edinburgh mwezi Agosti imewafanya hata wasanii wa Uingereza kupiga kelele hadharani kwa miaka sasa. Ongeza uchapaji wa mabango, na saa za kusimama kwenye mtaa wa Royal Mile mkigawa vipeperushi kwa watu ambao mikononi wana vingine kumi. Anayedhani mchezo mzuri hujiuza wenyewe hajawahi kusimama pale siku ya mvua.

Sasa kwa nini watu bado wanakwenda? Kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo wahakiki, watayarishaji na wanunuzi wa michezo kutoka nchi nyingi wamejazana ndani ya maili moja kwa wiki tatu, tayari kuingia chumba chochote. Gazeti la The Scotsman limekuwa likitoa tuzo ya Fringe First kwa maandishi mapya tangu 1973, na kikundi kikiipata, simu huanza kulia. Fleabag, mchezo wa mwanamke mmoja na kiti chake, ulianza kwenye chumba cha Underbelly mwaka 2013, na baadaye ukawa kipindi cha televisheni kinachojulikana dunia nzima. Hadithi hiyo husimuliwa kila Agosti kana kwamba ni kawaida. Si kawaida, ndiyo maana inasimuliwa.

Ipo njia ya bei nafuu. Tangu 1996, mchekeshaji Peter Buckley Hill na wengine waliomfuata wamekuwa wakipanga maonyesho ya bure kwenye baa: hakuna kodi ya chumba, watazamaji wanaingia bila tiketi, na mwisho ndoo ya michango inapita. Kwa mchekeshaji au msimulizi wa hadithi peke yake, hii naiona ndiyo njia ya busara kuliko zote Edinburgh. Kwa kikundi chenye taa na mandhari, haifai. Kelele za baa zitawameza.

Viza: Fringe na tamasha rasmi yote mawili yamo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya matamasha ambayo msanii aliyealikwa anaweza kushiriki na kulipwa kwa viza ya mgeni, bila kibali cha kazi. Viza yenyewe bado inaombwa, bado inaweza kukataliwa, na ada hairudi.

Avignon Off: soko lenye lugha yake

Kwa juu, Off inafanana na Fringe. Mnakodi nafasi ya saa fulani kwenye ukumbi wa mtu, mnalipa hata asipokuja mtazamaji, mnabandika mabango (ya Avignon hufungwa kwa kamba kwenye kila nguzo na kila uzio wa mji), mnazunguka mitaani mmevaa maleba kwenye joto la Julai ambalo hata mtu wa Tanga atalilalamikia.

Tofauti iko kwa anayeketi ukumbini. Mbali na watalii na wapenzi wa maigizo, Off hujaa wakuu wa kumbi za miji ya Ufaransa wanaotafuta michezo ya kujaza misimu yao ijayo. Kikundi cha Kifaransa hukubali kupoteza pesa Julai kwa sababu kinategemea kuuza maonyesho thelathini au arobaini majira ya baridi. Hayo ni matumizi ya biashara, si bahati nasibu. Kwao.

Kwenu hesabu ni nyingine. Mkuu wa ukumbi wa mji mdogo wa Ufaransa akiupenda mchezo wenu, atahesabu tiketi za ndege za watu watano kutoka Bujumbura au Dar es Salaam, viza, na malazi, kisha atachukua kikundi cha kutoka Lyon kinachokuja kwa basi. Isipokuwa mmepata mshirika aliyekwisha kupanga ziara ya miji kadhaa, ununuzi wa onyesho mojamoja haulipi.

Na lipo jambo ambalo wageni hawaambiwi. Msanii wa Ufaransa aliyefikisha saa 507 za kazi ndani ya mwaka ana haki ya posho katika siku asizo na kazi. Mfumo huo ni mpendwa kiasi kwamba serikali ilipotaka kuubadilisha mwaka 2003, wasanii waligoma na tamasha rasmi la Avignon likafutwa. Kwa hiyo yule jirani yenu wa Off anayecheza mbele ya watu sita akitabasamu ana kitu cha kumshikilia mpaka Septemba. Nyinyi hamna. Mkishindana naye kwa kustahimili hasara, atawashinda kabla hamjapanda jukwaani.

Kwa hiyo kwa kikundi cha Burundi, Rwanda au Kongo kinachocheza kwa Kifaransa, ushauri wangu unaweza kuonekana wa ajabu: Avignon ndiyo, Off hapana, angalau si kwa pesa zenu.

Makhanda, ambako wengi wanaparuka

Tamasha la Taifa la Sanaa la Afrika Kusini lilianza mwaka 1974 katika mji wa chuo wa Rasi ya Mashariki uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Tangu 2018 ni Makhanda. Hufanyika mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, majira ya baridi, na baridi ya huko si mzaha. Lina ratiba kuu ya walioalikwa na Fringe yake ya kujiandikisha, kwa mfano wa Edinburgh.

Ni dogo kwa Edinburgh kwa mbali, watazamaji ni wachache zaidi, na mji wenyewe una shida za maji zinazojulikana. Lakini mkipoteza, mnapoteza kiasi cha kulipika. Wakenya na Watanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, ingawa kucheza kwa malipo ni jambo jingine la kuwauliza waandaaji mapema. Na watazamaji hawahitaji kuelezwa ukoo, mahari au ardhi ni nini. Mtauona mchezo wenu ukifanya kazi au ukikwama kwa sababu zake wenyewe, si kwa sababu ya umbali.

Zaidi ya hapo, barabara ya kutoka huko kwenda Edinburgh imeshapitwa. Mies Julie, kazi ya Yaël Farber na ukumbi wa Baxter wa Cape Town, ilionyeshwa Makhanda Julai 2012 na mwezi uliofuata ikawa gumzo la Fringe kule Uskoti. Walifika wakiwa na mchezo uliokwisha kupikwa mbele ya watu, na nyuma yao kulikuwa na ukumbi wenye uwezo.

Karibu zaidi na nyumbani

Kampala ina tamasha la kimataifa la maigizo tangu 2014, lililoanzishwa kwa ushirikiano wa Bayimba, taasisi ya sanaa ya Uganda, na programu ya Afrika Mashariki ya taasisi ya Sundance; humo husomwa hata tamthilia ambazo hazijakamilika, jambo la thamani kwa mwandishi. Kigali ina Ubumuntu, iliyoanzishwa na Hope Azeda mwaka 2015, ikichezwa nje kwenye uwanja wa ngazi wa Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari. Mchezo wa kuchekesha tu hauna nafasi pale. Bagamoyo ni kongwe kuliko zote hizo: tamasha la chuo cha sanaa, leo TaSUBa, limekuwapo tangu 1982, na kwa kikundi cha ngoma, sarakasi na maigizo yanayochanganya vyote hivyo, sijaona jukwaa linaloelewa kazi hiyo kuliko lile. Zanzibar ina Sauti za Busara, lakini hilo ni la muziki.

Kwenye matamasha haya, nauli na malazi mara nyingi hulipwa au huchangiwa. Kiti kitupu si chenu wala si cha tamasha. Ni cha mfadhili. Udhaifu wake ni kwamba mfadhili akiondoka hakuna tamasha: Sauti za Busara, pamoja na jina lake lote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa pesa. Zamani hasara hiyo waliibeba wakuu wa nchi. Kwenye matamasha makubwa ya sanaa ya Afrika nzima, Dakar 1966, Algiers 1969 na Lagos 1977, serikali za Afrika zilituma vikundi vyao na kuvilipia kila kitu. Msanii hakuuliza habari ya tiketi, ila pia hakuuliza nani amechaguliwa na kwa nini.

Kwa walio na ndugu au wenzao Kanada, kuna jibu jingine kabisa. Edmonton ilianza Fringe yake mwaka 1982, na Fringe nyingi za Kanada zimeshika taratibu mbili: vikundi huchaguliwa kwa kura ya bahati, na mauzo yote ya tiketi ni ya msanii. Mnalipa ada mwanzoni, ukumbi na fundi mnapewa. Hasara yenu ina kikomo kinachojulikana siku ya kwanza. Ningeshangaa kikundi cha Waswahili wanaoishi Toronto au Edmonton kikivuka bahari kwenda Uskoti bila kujaribu hapo kwanza.

Ningekuwa mwenyekiti wa kikundi

Msimulizi mmoja au wawili, Kiingereza safi, mchezo wa saa moja: Kampala, kisha Makhanda, kisha Edinburgh kwa njia ya bure au kwa ukumbi mdogo, na si kwa wiki zote tatu kama pesa ni ya kuazima. Baadhi ya kumbi hukubali wiki moja. Wahakiki huja zaidi mwanzoni, kwa hiyo iwe wiki ya kwanza.

Kikundi cha Kifaransa chenye kazi nzito: jengeni jina Kigali, Bujumbura na Brazzaville, tafuteni mshirika wa Ulaya wa kuchangia utengenezaji, na mngoje simu ya Avignon.

Watu kumi na wawili, ngoma nne na nyoka wa kuchonga: Bagamoyo, na kokote mtakakoitwa kwa nauli ya mwenyeji. Fringe kwa pesa zenu, hapana, hata kama mtu amejitolea kuwakopesha.

Na kwa wale ambao wameshaamua ni Edinburgh, msitie saini kabla ukumbi haujawajibu kwa maandishi mambo matatu: kiwango cha chini mtakachofidia ni kiasi gani kwa jumla ya siku zote, makato ya tiketi na kadi yanatolewa kabla au baada ya mgawanyo wa 60 kwa 40, na pesa yenu italipwa tarehe gani. Watu wengi huisahau hiyo tarehe, na mara nyingi inakuja muda mrefu baada ya ndege kuwarudisha nyumbani.